Kivuli cha Bango la Mbweni

Jumatatu, 1 Juni
Haroub mwenye duka amekuja kunywa kahawa yangu. Akasema, kwa utulivu mno, kwamba manispaa inataka kuzuia matangazo ya vitu vinavyochafua hewa sana: magari ya dizeli, mafuta, safari za ndege. Baraza langu ni kivuli cha bango la pikapu ya dizeli lililosimama kwenye kiwanja changu. Bango likiondoka, wazee wanaonisikiliza kila alasiri watahamia kibarazani kwake. Kwa nini alitabasamu?

Jumatano, 3 Juni
Nimemwendea Diwani Bahiya. Akasema, "Shikamoo mwalimu, ondoa hofu." Hoja ni yake. Bahari inakula ufukwe wa Kunduchi, na yeye haoni mantiki ya manispaa kuilalamikia bahari huku ikikodisha mabango ya dizeli. Lakini rasimu inagusa mabango ya manispaa tu. Ya viwanja vya watu hayamo. Mtu asiye na jambo haniambii niondoe hofu. Mke wangu Avelina kanishauri nikae kimya. Hata yeye?

Jumamosi, 6 Juni
Mkutano wa maoni ya wananchi. Mpango: kuonyesha kuwa sheria hii haifai, waiache. Nikasimama, nikaeleza kwa subira jinsi sheria ndogo inavyotungwa: hoja, rasimu, maoni, kikao cha madiwani, kisha ridhaa ya waziri. Nikaonyesha tundu lake: itafunika mabango machache ya manispaa na kuacha ya watu binafsi, likiwemo langu, kubwa kuliko yote. Makofi. Mwanasheria wa manispaa akaomba nirudie polepole, aandike. Haroub akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwalimu, wape na vipimo vya bango!" Nikawapa na vipimo.

Alhamisi, 10 Septemba
Sheria imepita. Ina kifungu kipya: viwanja vya watu binafsi. Mafundi wameling'oa bango asubuhi. Jua limeingia mpaka sebuleni. Nani aliwapa wazo lile? Nimemuuliza Avelina; akaenda kufunga mapazia. Namshuku Haroub.

Jumatatu, 14 Septemba
Sasa tunakaa kibarazani kwa Haroub. Wazee wote wapo. Nimewaeleza habari mpya: manispaa inaandaa sheria ya viti na meza za kando ya barabara. Nimeisoma rasimu mara tatu. Vibaraza kama hiki cha Haroub havitajwi popote. Ukimya huo unanitia shaka. Kesho nakwenda kuwauliza kwa nini wamevisahau.