Waipa Alizozificha Kaluki

Redio ya Rael ilikuwa haijamaliza kutangaza kwamba mvua kubwa ingepiga Nairobi na Ukambani hadi Jumapili, na tayari benchi lilikuwa limechafuka.

"Hao watu wa hali ya hewa!" Injinia alifoka. "Wakisema mvua, mimi naanika blanketi."

Injinia ndilo jina alilopewa Mwololo na benchi lile la nyuma ya fleti za Kileleshwa, kwa kuwa alijua dawa ya kila gari na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Kando yake alikaa mzee Vasant, aliyeitwa Garanti. Aliuza vipuri mjini miaka mingi kabla ya kumwachia mwanawe Nayan duka, na hata mandazi hakuyauma bila kuuliza kama yana garanti. Rael, aliyewauzia chai ya birika, aliitwa Spika, maana yeye ndiye aliyeamua nani aseme na nani anyamaze. Mutinda naye alikuwa na lake, Maneno, kwa utani wake usiokwisha, lakini tangu amzike mkewe hakutania tena na hakuna aliyelitamka.

"Basi Jumapili Kangundo hatuendi," Mutinda alisema, macho kwenye kikombe. "Gari haina waipa za kupangusa kioo."

Jumapili ilikuwa misa ya mwaka mmoja ya Kaluki, mkewe, huko Kangundo alikozikwa. Padri alishaambiwa, mbuzi alishafungwa.

"Rudia hapo," Injinia alisema. "Misa ya mama ikufe juu ya raba mbili?"

"Waipa ziko. Sijui tu ziko wapi."

Hilo wote walilijua. Waipa za gari lile ziliibwa mara mbili, mara ya pili nje ya hospitali moja ya Parklands, Kaluki akiwa ndani kwa daktari. Tangu siku hiyo akaapa. Kila jioni alizichomoa kwa mkono wake akazificha, na asubuhi akazirudisha, kama mama anayemvua mtoto sare ya shule. "Akiba haiozi," alikuwa akisema. Mahali pa kuficha hakumwambia mumewe, kwa sababu jambo likimfikia mumewe limefika benchi.

"Umetafuta kwa friji?" Injinia aliuliza.

"Nimetafuta."

"Kwa mtungi ya unga?"

"Kwa unga, juu ya kabati, chini ya godoro. Mpaka ndani ya cherehani."

"Si ununue mpya, buda!"

"Nikinunua ingine, ni kama nimesema hizo hazitapatikana."

Rael aligeukia birika. Injinia, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, hakuweza kuvumilia.

"Gari yako ni kama sola. Jua likiwaka inaenda, wingu likipita inalala. Na hata ikienda, Wavinya anakaa nyuma kama mbunge! Baba mzima umekuwa dereva wa binti yako."

"Anapenda huko nyuma."

"Nidhamu ndani ya Bunge!" Rael aligonga birika kwa kijiko. "Injinia, keti. Baba Wavinya, nikuulize. Shida ni mvua, ama shida ni Kangundo?"

Mutinda alipuliza chai ambayo ilikuwa imepoa zamani.

"Kesho nitakuletea pea mpya," Garanti alisema polepole. "Wewe usiseme hapana, mimi ni mzee."

"Ina garanti?" Rael akauliza, na hata Mutinda akatabasamu kidogo.

"Lete," alisema.

Asubuhi ya Jumamosi wote wanne walikuwa kwenye maegesho ya fleti, wamelizunguka gari kama jamaa waliokuja kumwona mgonjwa. Injinia alikunja mikono ya shati.

"Kwanza tandika kitambaa kwa kioo," Garanti alionya. "Ukitoa mpira, mkono wa chuma hubaki mtupu. Ukianguka, kioo kwisha."

"Kitambaa ni ya waoga, mzee. Tazama kazi."

Rael hakubishana. Alivua leso yake akaitandaza kwenye kioo. Injinia aliinua mkono wa kwanza wa chuma, akageuka kuwaeleza jinsi Wajapani wanavyofikiria, na chuma kikamponyoka. Paa! Kikaangukia leso.

"Kitambaa ni ya nani?" Rael aliuliza.

"Nilikuwa najaribu springi."

Hatimaye waipa zilikaa, kila moja ikalia ta! kwenye ndoano yake. Mutinda akaingia, akawasha. Waipa ziliinuka kwa heshima, zikaelekeana, zikakutana katikati, zikang'ang'aniana.

"Zima! Zima!" Injinia alipiga kelele. "Zimeshikana kama wagombea wa chama kimoja!"

Garanti alizipima kwa shubiri, akajikuna kidevu. "Ya dereva ni ndefu, ya abiria ni fupi. Hizi zote ni ndefu."

"Si ulisema ni pea?"

"Viatu pia ni pea, na kuna cha kushoto na cha kulia. Nayan ndiye alifunga."

"Na garanti?"

"Garanti ni ya mpira. Ya akili ya Nayan sikupewa hata mimi."

Ile ya upande wa abiria ikatolewa. Injinia alishika mlango wa abiria apate mahali pa kuiweka. Mlango ulikataa.

"Huu mlango hufunguliwa kweli?"

"Wacha huo," Mutinda alisema kutoka kwenye usukani. "Mwololo, wacha—"

Lakini Injinia alikuwa ameuvuta kwa mikono miwili. Mlango ukaachia kwa mlio kama wa plasta inayobanduliwa. Akaisukuma waipa chini ya kiti, mkono ukagonga kitu. Alichotoa kilikuwa kimeviringwa ndani ya skafu ya kwaya, kikafungwa kwa uzi wa cherehani.

"Ndani ya gari!" Injinia alisema, sauti imepanda juu ya fleti zote. "Mwizi wa waipa avunje gari atafute waipa? Huyo mama alikuwa kichwa!"

Mutinda hakushuka. Alikuwa amepindua nyumba nzima, na waipa zilikuwa zikisafiri naye, chini ya kiti kile cha Kaluki ambacho hakumruhusu hata Wavinya kukikalia. Alinyoosha mkono, akapewa. Akaifungua skafu taratibu, akaikunja, akaiweka kwenye paja.

Garanti alibonyeza mpira kwa vidole. Ukamwagika kama makombo ya biskuti.

"Ati akiba haiozi!" Injinia alianza, na Rael akamchapa kwa leso.

"Ile fupi," Mutinda alisema. "Nipe."

Akashuka, akaifunga mwenyewe upande wa abiria. Hakuna aliyemwelekeza. Akamwagia kioo maji, akawasha. Upande wa dereva uling'aa. Upande wa pili waipa ilikwaruza, ikaacha ukungu wa tope.

"Upande huo hauoni kitu," Injinia alisema.

"Upande huo hauendeshi," Mutinda akajibu.

Jumatatu jioni walimngoja benchini kama matokeo ya uchaguzi.

"Mvua ilikuwa aje?" Garanti aliuliza.

"Hata tone. Jua kali mpaka kaburini."

"Si nilisema!" Injinia aliruka. "Blanketi yangu imekauka! Kwa hivyo waipa hukutumia?"

"Niliziwasha. Hapo sokoni Tala, karibu kufika Kangundo, nikaona barabara haionekani. Wavinya akaniambia, 'Baba, zima, ni jua. Futa macho.'"

"Akipiga kelele kutoka huko nyuma kwa bunge?"

"Alikuwa amekaa mbele."

Rael aliacha kumimina chai. Kisha akaendelea.

"Lakini wasee," Injinia alisema, akishusha sauti, "leo nimechungulia. Gari haina waipa, na chini ya kiti hakuna kitu. Wameiba!"

"Nimehamisha. Umemwambia mlinzi, umeambia vijana wa boda, umemwambia mpaka mama wa mayai."

"Niliwapa tu historia! Mimi ni mtu wa nyumbani, Baba Wavinya. Ziko wapi sasa?"

Mutinda alikunywa chai yake ikiwa moto, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Muulize Kaluki."

Kila mtu alimtazama mwenzake, kama anayeuliza iwapo kucheka kunaruhusiwa. Rael ndiye aliyeanza kucheka. Garanti akafuata, akapaliwa na mandazi. Injinia alibaki mdomo wazi, akiwaangalia mmoja mmoja kama mtu aliyenyimwa haki yake ya kikatiba.

Rael alijaza kikombe cha Mutinda mpaka pomoni.

"Karibu tena, Maneno," akasema.