Kitabu ya Buluu Yenye Iliharibu Mikono ya Karani

Kolwezi, siku ya tano, tarehe 10 mwezi wa tano 1957

Kwa Tata Presida Mukalay
Komite ya Bibliyoteke ya Serkle
Kolwezi

Tata Presida mwenye heshima,

Jambo sana, na jambo ku mama wa ku nyumba. Mi ni Mbombo Laurentine, bibi ya Tata Mukendi wa mulongo ya saba, mama ya Kazadi, karani wa magazini, ile stoo ya bitu. Munanijua: njo mi nilianguka na sahani ya mandazi siku ya sikukuu ya Serkle, klabu yenu. Siku ile sikuumia. Leo njo niko naumia.

Mulibandika karatasi ku mulango ya bibliyoteke. Mulisema komite inatafuta kitabu moja ya jimnastike kwa batu benye banaanza, na familia yenye iko na mawazo iandike mbele ya mwisho wa mwezi. Mi niko na mawazo, Tata. Iko mingi. Kuandika nilijifunza ku bamasera wa misioni, myaka mbili tu, na mwaka wa pili tulishona zaidi. Basi kama mustari inapanda yulu, muifuate tu, itashuka.

Kwanza mujue taabu yangu. Kazadi anataka kuoa Mado, binti ya Tata Kabeya, karani wa gare, stesheni ya treni, ku Kasaji. Mado ni mutoto muzuri, anacheka na meno yote, na akipika sombe, majani ya mihogo haibakii ngumu. Sisi tulituma neno: kijana yetu ni karani. Bao bakajibu: muzuri. Siku ya Pasaka shangazi ya Mado, Mama Adolphine, akashuka treni kuangalia kijana. Nilimupikia kuku. Kazadi akamusalimia na mikono mbili, vile tulimufundisha. Ule mama akakamata mukono, hakuachia. Akaigeuza. Akapitisha kidole ndani, sawa mutu mwenye anachagula mihogo ku soko. Halafu akaniangalia mi, akasema: "Mama Kazadi, karani yenu anaandika na nini? Na nyundo?"

Kuku ikabakia mu sahani.

Nyuma ya juma moja barua ikakuya, ya Tata Kabeya mwenyewe, mistari tatu: "Niliambiwa karani. Dada yangu ananiambia ingine. Siku ya Mungu tarehe 12 nitakuya mi mwenyewe kuona ile mikono." Tata Presida, tarehe 12 ni kesho kutwa.

Na ile mikono ilitoka wapi? Ilitoka ku kitabu yenu ya buluu. Malalamiko yangu njo haya:

1. Mutu wa ndani ya kitabu ile hana nguo ya kutosha. Eko na kaputula kiloko sana, na mustashi, na anacheka. Somo iko makumi ine, picha makumi ine, na mu kila moja anacheka. Mi nimeishi mu kambi myaka makumi mbili na saba, na sijaona mutu anainua chuma huku anacheka. Mwenye kucheka vile, ao hajaanza, ao chuma yake ni ya mbao. Njo vile mulituletea mu kambi mutu wa bongo, mwenye kudanganya.

2. Kazadi alianza somo ya kwanza mu mwezi wa kwanza. Mu mwezi wa pili shingo ikakataa kravate, ile tai ya kazi. Mu mwezi wa tatu shati ya Misa ikapasuka mugongo wakati tulipiga magoti. Ikalia prrr! Batoto ya mbele bakageuka, na padri mwenyewe akangoja kwanza. Nilishona. Siku ya Mungu yenye ilifuata ikapasuka ku "Amina".

3. Anakula bukari, ugali ya batu tatu, na makayabu, samaki ya chumvi ya batu ine, na nikimuuliza anasema: "Mama, niko najenga." Anajenga nini? Nyumba tuko nayo.

4. Somo ya tisa inaomba kilo 60. Siku ile chuma ya nyumba ya jimnastike, ile muliunganisha na magurudumu ya wagoneti ya zamani ya kubeba mawe, ilikuwa na mutu mwingine. Kazadi akarudi ku nyumba kutafuta kilo 60. Sasa mi, ku kipimo ya dispensere, niko kilo 63. Nilikuwa nachagula maharagi mu lupango, mbele ya nyumba, nikajiona niko yulu. Nikashuka, nikapanda tena. Mara nane, juu kitabu iliandika mara nane. Jirani akapita, akasimama: "Mama Laurentine, unaangalia nini huko yulu?" Nikamujibu: "Naangalia kama mvua inakuya." Ningemuambia nini?

5. Hii ya tano njo kubwa, muisome polepole. Bwana yangu, Tata Mukendi, amepakiza mawe ku shimo ya Ruwe toka mbele Kazadi azaliwe. Kazadi aliacha kitabu yulu ya meza. Bwana yangu kusoma hajue, lakini picha anajua. Akafungua, akaangalia, akaanza kucheka mpaka machozi. Akaniita: "Kuya uone! Hii ya ine, ni kupakiza wagoneti. Hii ya tisa, ni kuivuta mu matope. Hii ya kumi na moja, ni kukimbia jiwe yenye inaanguka. Bazungu balichora maisha yangu yote! Balisahau tu kapita, musimamizi mwenye anapiga kelele nyuma." Akageuza kitabu kutafuta kama jina yake iko ku mwisho. Halafu akasema, sasa bila kucheka: "Mi nilimaliza hii kitabu mara kumi, na hakuna mutu alinipigia mikono."

Tata Presida, sisi tulituma Kazadi ku masomo myaka tisa juu asifanye somo ya ine. Mi nilitwanga mihogo ya batu mpaka mabega ikalia, juu mikono yake iikale teketeke. Mungu akasikia, akakuwa karani: kiti, meza, wino, dirisha. Na sasa saa kumi na moja ikilia, anaondoka ku kiti, anaenda kupakiza wagoneti bule! Baba anapakiza juu analazimishwa. Mutoto anapakiza juu anapenda. Munielezee, mweye munasoma, nani kati yao alienda ku masomo.

6. Tena ni hatari kwa kambi yote. Hapa petu mukono njo karatasi ya mutu. Bwana mukubwa akipita hasomi majina, anaangalia mikono: huyu wa biro, huyu wa shimo. Kama makarani bote bamaliza somo makumi ine, nani atabajua? Siku moja Muzungu mupya atashuka treni, ataangalia mikono, atatuma makarani bote mu shimo na kuweka Tata Mukendi ku mashini ya kuandika. Nilimuuliza bwana yangu. Anasema yeye eko tayari hata kesho, anaomba tu kiti iikale na mugongo. Lakini mishahara nani ataandika? Komite yenu njo itajibu.

Sasa mashauri yangu juu ya kuchagula. Siku ya pili nilikuya ku bibliyoteke, nikaangalia bitabu yote tatu yenye muliweka ku meza. Kifransa sijue, lakini picha nasoma muzuri.

Ya buluu nimesema.

Ya rangi ya majani, ile munene, mutu wa ndani alitoshwa ngozi. Nyama yote inje, nyuzi nyekundu mpaka ku macho! Nilifunga kitabu haraka. Kama njo vile mutu anamaliza, muambie familia mapema, tujue kama tutamungoja na chakula.

Ya manjano ni kiloko, teketeke, na mutu wa ndani amevaa suruali. Eko karibu na dirisha. Somo ya kwanza: anapumua. Ya pili: anapumua tena. Ya tatu: anapumzika. Tata, hii njo kitabu! Mi nachagula hii, na Mungu ananiona. Hata mukubwa wa makarani anaweza kumaliza hii bila kufungua kifungo. Naomba tu komite itengeneze kiloko: ule mutu mumuchoree koti na wino, na ku ukurasa wa sita, kwenye anainua kiti, mumupe kalamu pa nafasi ya kiti. Mutu mwenye anaanza asianze na bitu bizito. Kusema kweli, kitabu muzuri ya mutu mwenye anaanza ni ile inamuacha vile alikuwa.

Ya buluu muifunge mu kabati, ufunguo mumupe padri.

Inabakia siku ya Mungu. Naomba Tata Presida akuye ku gare saa ine ya asubuhi, na kravate, na kitabu ya buluu, na tampo, ule muhuri ya Serkle. Tata Kabeya akigeuza mukono, mweye munafungua somo ya ine na kumuonyesha: sugu hii ilitoka hapa, hii ilitoka ukurasa wa makumi mbili, mutoto ni karani, na mupige tampo. Kama mutaona ni muzuri, hata mu mukono yenyewe.

Na kama Tata Kabeya hataamini, niliwaza ingine. Wanamemba bote ya Serkle bakuye ku gare, makarani, bamwalimu, na mutu wa posta. Batajipanga mulongo, bataonyesha mikono. Lakini asubuhi ile kwanza basugue mikono yao ku tofali mpaka ikuwe nguvu. Tofali nitatoa mi. Tata Kabeya ataona sugu, sugu, sugu, ataelewa ku Kolwezi karani njo eko vile, atatulia. Munisamehe, Tata Presida, ya kwenu niliona siku ya sikukuu: mikono muzuri, sawa yai. Mweye muanze leo.

Siombi hivi juu ya sifa. Kijana yangu halali muzuri. Amesema kama si Mado, atabakia vile tu. Na mi namujua, kichwa yake ni ya baba yake. Ningependa kuona bajukuu mbele magoti yangu ikatae.

Salimieni mama wa ku nyumba na batoto, sekretere wa komite, mwenye anafagia nyumba ya jimnastike, na bote benye banainua. Hata ule wa mustashi, mumuambie sina chuki naye, pengine naye eko na mama.

Naweka kalamu chini na heshima na woga mingi,

Mi, mama ya Kazadi,
Mbombo Laurentine

N.B. Siku ya Mungu, nyuma ya chakula. Tata Presida, jana, siku ya posho, nilikuta bibliyoteke imefungwa, bakasema muko ku mupira ku Manika, na barua ikabakia mu mufuko ya kanzu yangu. Siiandike upya, juu karatasi hii ilikuwa ya mwisho. Ya yulu muisome kinyume.

Kitu moja sikuandika, juu niliona haya. Toka barua ya Tata Kabeya ilifika, nilimukataza Kazadi kuenda ku jimnastike. Kila siku nilisugua mikono yake na jiwe ya mutoni, nikaipaka mafuta ya ngazi, ile ya mawese, nikaifunga na kitambaa. Leo asubuhi ilikuwa teketeke sawa ya mutoto wa juma moja. Nilienda ku gare niko naimba.

Tata Kabeya akashuka, Mama Adolphine nyuma yake. Akakamata mukono. Akaigeuza. Uso ikamuanguka, sawa mutu mwenye treni imemuacha. Akageukia Mama Adolphine: "Dada, ulinidanganya. Huyu ni karani kabisa!"

Tata Kabeya akanigeukia, akasema: "Mi ni karani myaka makumi mbili, mugongo yangu imekufa. Bwana ya binti yangu wa kwanza naye ni karani. Nyumba yao ikivuja, anaandika barua. Dada akaniambia: huyu wa Kolwezi anaandika na anainua. Nikapanda treni na furaha, kumbe bule!"

Tata, nilipiga kelele, gare yote ikageuka: "Ni mi! Ni mafuta! Sugu iko chini ya mafuta!" Hakuna mutu aliamini. Kazadi akakamata sanduku ya chuma ya Tata Kabeya na mukono moja, akaweka mufuko ya unga ya Mama Adolphine ku bega, akatembea mpaka ku kambi bila kupumzika. Tata Kabeya alimufuata nyuma, anahesabu hatua na sauti. Nilimupikia kuku, na leo imekwisha mpaka mifupa.

Ndoa ni mwezi wa nane. Lakini Tata Kabeya amesema siku ile, mbele ya padri, atageuza tena mukono, na anataka kukuta sugu yenye dada yake alimuambia.

Basi kesho saa kumi na mbili mulango ya jimnastike iikale wazi, Kazadi atakuwa hapo. Muchagule ya buluu. Na mweye munajua Kifransa, muniangalilie ndani: sugu inarudi nyuma ya siku ngapi? Kama ya majani inaileta mbio zaidi, muchagule ya majani. Hata akirudi bila ngozi, nitamungoja na chakula.