Mkalimani wa Beji

Jumatatu, 3 Machi

Beji nane. Mwenzangu wa chumba anazo tisa. Kila asubuhi ananiuliza, kwa upole kabisa, kama mimi na beji zangu nane tumeamka salama. Hatukuamka salama.

Beji zenyewe za mtandaoni. Chuo kimezianzisha mwaka huu: ukithibitisha ujuzi fulani, alama yake inabandikwa kwenye jina lako na wahadhiri wote wanaiona. Leo nimeona orodhani Lugha ya Ishara. Nikajua ni mambo ya kukonyezana na kupungiana mikono, kazi ninayoiweza tangu utotoni. Maswali kumi ya kuchagua, unarudia upendavyo. Nimefaulu mara ya kumi na nne. Mama nimemtumia picha, naye keshawaonyesha majirani.

Jumatano, 5 Machi

Mhadhiri ameniita ofisini. Nilikwenda nimevaa shati la kupokelea pongezi. Kumbe lugha ya ishara ni lugha ya viziwi, lugha kamili, ina sarufi. Mkalimani wa chuo amelazwa, na kesho binti mmoja wa darasa letu, kiziwi, anawasilisha mradi wake wa mwisho mbele ya jopo. Jopo lisipomwelewa, hahitimu mwaka huu. Mama yake anaijua lugha hiyo, ila kanuni zinakataza ndugu kutafsiri. Mhadhiri kaangalia kwenye mfumo: chuo kizima mwenye beji ni mimi.

Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Nikausikia unasema ni heshima kubwa kwangu.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nimejifunika shuka.

Binti alisimama mbele, nadhifu, mikono tayari. Ukutani picha ya kiboksi chenye taa nyekundu. Akainua vidole vikicheza kwenda juu. Moto, nikajiambia, basi ni jiko. Nikalitangazia jopo kwamba amebuni jiko la kisasa. Akaonyesha mtu amelala. Nikasema linapika hata ukiwa usingizini. Jopo likaandika. Mzee mmoja wa jopo akauliza linatumia nishati gani, nimwulize mwenyewe. Nikapungapunga mikono. Binti akaishusha yake.

Mama yake, aliyeketi nyuma, akasimama. Akaomba radhi kwa kuvunja kanuni. Akasema si jiko, ni kengele ya moto inayomulika taa, kwa sababu bweni la mwanawe liliwahi kuungua na yeye ndiye aliyeamka wa mwisho. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Ijumaa, 7 Machi

Beji ya ishara nimevuliwa. Binti amepewa Jumanne arudie, mkalimani akipona. Asipopona, sijui. Mwenzangu wa chumba hajaniuliza chochote leo, na hilo limeniuma zaidi.

Binti nilimfuata maktaba na karatasi ya kuomba msamaha. Akaisoma, akasahihisha tahajia mahali pawili, akaandika chini: njoo kesho saa nne nikufundishe, usiwafanyie wengine hivi. Machozi yalinitoka mbele ya watu. Nimeapa. Basi, ujanja mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu na nusu, nimeshavaa viatu, mfumo umeleta beji mpya: Uadilifu. Maswali kumi, mtihani unafungwa saa tano. Na huu hauna kurudia. Nikampigia binamu yangu wa chuo hiki hiki, aliyekwisha kuufanya, anisomee majibu. Simu ilikuwa inakatika, tumetumia saa nzima.

Binti nilimwandikia kwamba naumwa. Akajibu ameshafika, ameningojea, na je, aniletee dawa? Nimejisikia mdogo kama sisimizi. Nikamjibu asante, nitapona tu.

Kumi kwa kumi. Jioni mhadhiri ameandika: kamati ya nidhamu inatafuta mwanafunzi wa kuchunguza udanganyifu wa beji, na kwa beji ya Uadilifu mfumo umelileta jina langu.

Nimewajibu ni heshima kubwa kwangu.