Kibao cha Bwana Thurkettle

Mkoa mzima wa Suffolk, Uingereza, haukuwa na nyumba kongwe kuliko ya Lionel Thurkettle. Aliyesema hivyo ni Lionel Thurkettle mwenyewe, tena kila siku, kwa sauti ya kuamsha ng'ombe!

"Boriti zangu zilitolewa kwenye manowari!" aliwaambia wenzake baani. "Zimepigana na Wahispania!"

"Mzee Lionel," akauliza Garrod, fundi wa mapaa ya nyasi, "bahari iko maili thelathini kutoka hapa. Hiyo manowari ilikuja kwa miguu?"

Watu wakaangua kicheko. Lionel hakujali. Huko kila mwenye boriti nyeusi darini kwake huapa kuwa ni za manowari. Ukiwasadiki wote, utajiuliza Waingereza walibaki na mbao gani za kwendea vitani.

Na boriti za Lionel zilikuwa nyeusi kweli! Ukuta mweupe, miti myeusi imekatizana juu yake, mpaka wapita njia walisimamisha magari wapige picha. Sakafu ya sebule iliinama hata supu ikakaa upande mmoja wa bakuli. "Huo ndio ukongwe!" alisema Lionel, na mkewe Muriel akazidi kuinamisha bakuli lake.

Sasa chama cha majengo ya kale cha mkoa kikatangaza kuwa shamba lao litapewa kibao cha shaba, alama ya jengo la kale. Weeee! Kichwa cha Lionel kikavimba. Kabla hata mkaguzi hajafika, alishaalika kijiji kizima Jumamosi kije kishuhudie kibao kikipigiliwa juu ya mlango wake, na akamwekea Garrod kiti cha mbele ili aone vizuri.

"Ungengoja kwanza mkaguzi aje," Muriel akamshauri.

"Aje aone nini, mke wangu? Hata kipofu ataona ni kongwe!"

Mkaguzi akaja Alhamisi. Bi Agnes Borrett, mama mfupi mwenye buti za matope na kisu kidogo mfukoni. Lionel akampokea kwa hotuba. Alikuwa bado yuko kwa Wahispania wakati Bi Borrett alipoigonga ile boriti kubwa ya sebuleni.

Ko, ko, ko. Ikalia kama debe tupu.

"Hii imepakwa nini?" akauliza.

"Imepakwa? Huo ni weusi wa karne tano!"

"Mti wa mwaloni wa kale, usiopakwa kitu, huwa wa kijivu, bwana. Weusi huu umetoka kwenye kopo la rangi." Akapenyeza ncha ya kisu pembeni. Kraa! Manowari ikabanduka ukutani. Ulikuwa ubao mwembamba kama rafu ya vitabu, umepigiliwa misumari ya dukani, na nyuma yake matofali mekundu, yenye afya tele. Gazeti lililosokomezwa katikati likaanguka miguuni mwa Lionel. Tangazo la dawa ya meno, mwaka 1931.

Lionel akatoa macho.

"Na hii sakafu je?" akajitetea. "Imeinama!"

"Fundi hakuwa na pimamaji ya kusawazishia," akasema Bi Borrett kwa upole.

Muriel, kwa huruma, akamwambia mgeni apite nyuma kwenye banda la kuku achukue mayai ya kuwapelekea wajukuu wake. Lionel akabaki sebuleni, ubao mkononi, akiiwaza Jumamosi. Kiti cha Garrod! Angemwambia nini Garrod?

Nusu saa ikapita. Mara wakasikia ukelele kutoka bandani. Wakakimbia. Bi Borrett alikuwa amesimama katikati ya kuku, nywele zimejaa majani, machozi yanamtiririka.

"Nani alikuwa analala humu?"

"Kuku," akajibu Lionel.

"Kabla ya kuku, bwana! Tazameni!" Akawaonyesha nguzo za mwaloni za kijivu, nene kama mapipa, zimeshikana kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja. Kwenye kila kiungo palikuwa na alama za patasi, moja, mbili, tatu, nne, ambazo seremala alizichonga ili asikosee wakati wa kuziunga. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo. Makombamoyo yaliyobeba paa yalikuwa meusi kwa masizi, masizi ya kweli, ya moto uliokuwa ukiwaka katikati ya sakafu enzi watu hawajajua bomba la moshi. "Kiasi cha mwaka 1470! Hii ndiyo nyumba ya asili ya shamba lenu. Ile nyingine ni..." Akalitafuta neno la adabu. "Ile ni nzuri kwa kuishi."

Lionel akageuka kuitazama nyumba yake. "Basi kibao tukiweke mlangoni kwangu, halafu tuchore mshale?"

"Kinapigiliwa kwenye jengo lenyewe."

"Nitahamisha kuku!"

"Kuku wasiguswe kwanza. Ndio waliolitunza."

Jumamosi kijiji kikafurika. Lionel alivaa suti yake ya harusi akasimama mlangoni, kifua mbele, ila hakuna aliyegeuka. Foleni yote ilielekea bandani, skonzi za Muriel mkononi. Garrod alibeba kiti chake mwenyewe mpaka huko, akaketi, akatazama makombamoyo kwa nusu saa nzima bila kumtania mtu. Hilo ndilo lililomuuma Lionel kuliko dhihaka zote. Kibao kikapigiliwa, watu wakapiga makofi, jogoo akawika.

Jioni bibi mmoja mgeni, mwenye mwavuli, akamshika Muriel mkono.

"Mwanangu, nimefurahi mno. Na ile nyumba mpya pale, ya nani?"

Muriel akamtazama mumewe, ambaye bado alikuwa amesimama mlangoni na suti yake.

"Ile?" akasema. "Ya mtunza kuku."