Nani Atamsemea Mzee Brashi?

Redio ya Birika, muuza kahawa wetu, ilikoroma kidogo kisha ikatangaza kwamba kesho asubuhi halmashauri itafanya kumbukizi ya mwaka mmoja tangu afariki "nguli wa uchoraji na uandishi, ambaye tulifanya naye kazi bega kwa bega." Aliyekuwa akihojiwa ni mkurugenzi mwenyewe.

"Bega kwa bega?" Birika akaitazama redio kama vile imemtukana. "Na Mzee Brashi wetu huyu?"

"Mkurugenzi hajadanganya," akasema Kinyozi, ambaye saluni yake inapakana na benchi letu, kwa hiyo wateja wake hunyolewa kwa awamu. "Siku ile walipomkuta anachora kwenye ukuta wa soko, askari mmoja alimshika bega hili, mwingine bega lile. Bega kwa bega mpaka kwenye gari."

Tukaangua kicheko. Profesa hakucheka. Huyu alistaafu ukarani wa masjala, na tangu hapo hajakubali kwamba kuna jambo asilolijua.

"Msanii akiwa hai ni uchafuzi wa mazingira," akasema. "Akifa ni urithi. Huo ndio utaratibu."

"Wewe umesoma kitabu chake kipi?" nikamuuliza.

"Vyote."

"Taja kimoja."

"Siwezi kutaja mbele ya watu ambao hawajasoma. Nitakuwa nawaonea."

Breki, fundi magari, alikuwa pembeni, anachokonoa grisi kwenye kucha.

Tulikuwa bado tunamzomea Profesa alipotokea mjane wa marehemu, mtandio umemkaa upande, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Wote tukasimama.

"Karibu shemeji, keti."

"Siketi. Kesho mkurugenzi atahutubia, diwani atahutubia, na mtu wa maktaba pia. Familia tumepewa dakika chache, na mimi nikisimama pale nitalia tu. Nataka mmoja wenu amsemee mume wangu. Wale watamfanya malaika. Mimi sikuolewa na malaika."

Kumbe Kinyozi alishapanda juu ya benchi. Akakohoa. "Ndugu wananchi! Marehemu alikuwa mtu wa watu, mpole, mvumilivu..."

"Mpole nani? Shuka."

Profesa akarekebisha kola. "Marehemu, katika muktadha mpana wa..."

"Shuka na wewe."

"Mbona sijapanda, shemeji?"

"Shuka hivyo hivyo."

Akamgeukia Breki. "Wewe ulikuwa unagombana naye kila siku ya Mungu. Huna la kusema?"

"Nikisema nitakuudhi, shemeji."

"Niudhi."

Breki akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Mumeo alikuwa msumbufu. Nilimwomba aniandikie kibao cha gereji, aandike tu, 'Tunatengeneza Breki.' Nimetoka, narudi, nakuta, 'Breki Hapa. Waliotuamini Wengi Bado Wapo.' Wengi! Nikamkimbiza na spana."

Mjane akauma midomo.

"Halafu ile tabia ya kunisomea hadithi zake. Anangoja niingie chini ya gari, ndiyo anakaa kwenye tairi na makaratasi yake. Nitakimbilia wapi? Nikisinzia ananipiga teke la mguu. 'Unasikiliza?' Nasikiliza. 'Nimesema nini?' Umesema yule bwana amekufa. 'Hajafa!' Basi muue tumalizane, nina magari ya watu hapa. Kesho yake kaja macho mekundu. Amemuua. Alikuwa na msiba kweli kweli, nikamnunulia chai."

"Kumbe ni wewe!" mjane akasema. "Usiku ule hakula."

Hata Birika alikuwa ameacha kumimina.

"Ukaja ule ugonjwa wa kutetemeka," Breki akaendelea, sauti imeshuka. "Mwenye duka la dawa akampa kazi ya kibao. Akakataa kushikiwa mkono, akakataa rula. Herufi zikatoka zimeinama, moja huku, moja kule. Mwenye duka akakikataa mbele za watu. Mzee akakibeba mwenyewe. Alikiegemeza kwenye ukuta wa gereji yangu, akaenda zake. Nikakitundika."

"Ndiyo maana gereji yako imeandikwa 'Duka la Dawa'?" Kinyozi akashangaa. "Miaka yote hii tunasema wewe mvivu!"

"Watu wanaingia mpaka leo kuulizia dawa ya kikohozi. Nawaelekeza ng'ambo. Sikitoi."

"Na yeye alikiona?" mjane akauliza.

"Alikiona. Alisimama chini yake muda mrefu. Nikajua leo atanishukuru. Akasema, 'Umekitundika kombo, mpumbavu wewe.' Tukagombana mpaka jioni."

Mjane akacheka. Alicheka mpaka akashika benchi, kisha kicheko kikageuka kilio, na Kinyozi akamkimbilia na taulo la saluni. Alipomaliza kujifuta akasema, "Huyo ndiye mume wangu. Kesho utasema hayo hayo."

"Mbele ya mkurugenzi?"

"Hayo hayo. Na Profesa asiyarekebishe."

Kesho yake Breki alisimama mbele ya ukumbi katika koti la kuazima, mikono haijui pa kukaa. Alianza kwa kugugumia. Alipofika kwenye kibao cha breki ukumbi ukalipuka. Alipofika kwenye herufi zilizoinama, mwenye duka la dawa, safu ya mbele, akaanza kutazama viatu vyake.

Kisha akaitwa mgeni rasmi. Mkurugenzi akatembea hadi kwenye kipaza sauti na hotuba nene kama tofali. Akamtazama mjane, akaitazama ile hotuba, akaikunja. Akasema hana la kuongeza, akarudi kuketi.

Profesa amekiri kwamba hiyo ndiyo hotuba bora aliyowahi kuisikia kutoka halmashauri.