Wati Mia Mbili kwa Bibi Harusi

Jumamosi, 2 Machi 1985. Nizwa.
Leo nimedharauliwa mbele ya chai. Harusi ya Ghaniya ni Alhamisi. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wa kumpeleka kwa mume, mjini Ibra, ni mmoja kati yetu wawili. Khelef, mjomba wake, bwana wa wizara mwenye gari jipya. Au mimi Sleyum, mume wa mama yake mdogo, muuza betri wa Firq. Nimeanza na tairi mbili kuukuu. Hakunisaidia mtu! Mama mkwe wangu, Bi Mahfoudha, kasema bibi harusi hapandi gari bubu. Mwenye muziki wa maana ndiye atakayempakia. Khelef akasema sisi tuliotoka Tabora tumezoea ngoma, redio tutaiweza wapi. Wakacheka wote, hata mke wangu Shukriya.
Ghaniya nimempeleka shule mimi, miaka mitatu, kwa Corolla hii hii. Ni haki yangu.
Redio ya Khelef ina wati saba kila upande. Nimechungulia alipokuwa anatawadha.

Jumapili, 3 Machi.
Nimepata amplifaya! Wati mia kila upande. Mara kumi na nne na ushei. Fundi jirani, Mhindi wa Malabari, kataka siku mbili na waya mnene kama kidole. Nimekataa. Nauza betri, nifundishwe umeme? Nimefunga mwenyewe, kwa waya wa pasi yetu. Shukriya kauliza nguo za harusi zitanyooshwa na nini. Huyu mwanamke hatazami mbali.

Jumatatu, 4 Machi.
Sauti imetoka. Na mluzi pia. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Mzee Marzouq wa duka la pili kaja mbio kuuliza nani kafungia mbuzi ndani ya gari. Dawa nimeigundua mwenyewe: kuongeza sauti mpaka mluzi usisikike. Waya unapata moto kidogo. Kawaida. Hata kwenye pasi ulikuwa unapata moto.

Jumanne, 5 Machi.
Spika ndogo hazibebi wati mia. Nimechonga masanduku mawili ya mbao ya spika kubwa, kila moja upana sentimita sitini. Kwenye buti hayaingii. Nimeng'oa kiti cha nyuma. Upana wa ndani mia na ishirini na nne. Zimebaki sentimita nne! Hiyo ndiyo hesabu. Shukriya kasimama mlangoni, katazama, akafungua mdomo. Nimemwambia asinivuruge. Kaenda zake anacheka peke yake. Anamtetea kaka yake, najua.

Jumatano, 6 Machi.
Nimetia pazia madirisha ya nyuma, bibi harusi asionekane na wapita njia. Jioni mashindano. Khelef kawasha redio yake. Bi Mahfoudha kasema nzuri, ila kama mtu ananong'ona. Nikawasha yangu. Kuku wa jirani wakapanda mtende. Bi Mahfoudha kajishika kifua.
"Sleyum, umeshinda. Zima."
Nimeshinda! Khelef kanipa mkono wa pongezi, vidole viwili tu.

Alhamisi, 7 Machi. Ibra.
Sitaki kuandika. Naandika.
Wanawake walitoka na vigelegele, Ghaniya katikati, kafunikwa shela ya kijani. Nikafungua mlango wa nyuma kwa heshima zote. Vigelegele vikakatika. Ghaniya akainua ncha ya shela.
"Baba mdogo, mimi nakaa wapi?"
Nikazitazama zile sentimita nne.
Bi Mahfoudha akachungulia masanduku yangu, moja kushoto, moja kulia. "Sleyum mwanangu, hawa ndio maharusi wenyewe?"
Kiti cha mbele hakina pazia, Ghaniya kapanda gari la Khelef. Mimi kwa mbele nikapakiwa beseni la halwa, likakaa sakafuni, juu ya amplifaya. Nikaambiwa nifuate nyuma, mbali. Kabla hatujafika nusu ya safari waya ukatoa moshi, muziki ukafa. Ndipo nikasikia: redio ya Khelef imezimwa, wanawake wanaimba wenyewe na kupiga makofi. Wati sifuri!
Halwa imefika ya moto. Watu wa Ibra wameisifu sana, wanauliza tumeipashia wapi njiani. Ghaniya mwenyewe kaniletea kisahani, kaniambia nile, niache kununa. Nilikula. Niliomba na cha pili.

Ijumaa, 8 Machi. Nizwa.
Nimepiga hesabu upya baada ya sala. Kosa si langu. Wati mia mbili ni chache. Zingekuwa mia nne, nani angekumbuka habari za kukaa? Mwezi wa nane Khelef anamwoza binti yake Fawziya. Amplifaya ya pili nimeshaiagiza. Asubuhi nimeng'oa kiti cha abiria cha mbele. Sanduku la tatu limeingia bila kugusa mlango. La nne linanisumbua. Nimepima kila mahali.
Limeenea sawasawa kwenye kiti cha dereva.