Kapteni Kwenye Kikapu

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nimeuokoa mtaa mzima. Naandika upesi, ushindi ungali moto.

Tulikuwa mkahawani kwa Mzee Dasuqi tukitazama mpira. Mapumziko. Tangazo. Yuleyule Kapteni Galal Handusa, golikipa wa zamani, nywele nyeusi kuliko alivyokuwa kijana, ameegemea farasi. Anasema amepita sitini lakini anaamka kama wa ishirini. Siri yake ni vidonge vya Farasi wa Dhahabu. Vinatibu uchovu, mgongo, usingizi, na mambo ya ndani ya nyumba. Piga simu sasa, yamebaki makopo matatu tu.

Nikasimama. Nikawaambia makopo hayo matatu yamebaki tangu Ramadhani iliyopita. Nikauliza mtu aliyefungwa mabao na kila timu ya Delta ya Nile amesomea udaktari lini. Nikauliza nani amewahi kuona cheti cha maabara. Hata waliokuwa wakirusha dadu waliacha. Mzee Dasuqi akaniletea chai ya bure.

Ndiyo maana rimoti ya mkahawa hukaa mezani kwangu na si kwa mwingine. Ni kwa sababu ya kichwa hiki. Nimesoma mita za umeme mji mzima wa Zagazig hadi kustaafu. Watu huniita Mhandisi. Sijawahi kuwasahihisha, kwa kuwaheshimu.

Halafu Zaghlul, muuza vitambaa wa dukani mbele yetu, akaharibu. Anadai anavimeza vidonge hivyo, na juzi alipandisha mtungi wa gesi hadi juu ya paa bila kuutua. Nikasema hata punda hupandisha mizigo na hamezi kitu. Watu wakacheka. Akachukia, akaweka dau. Sikukuu ya Sham al-Nasim ya kukaribisha majira ya machipuko, Jumatatu tarehe 13, kila mmoja na mtungi uliojaa, kutoka mlango wa chini wa jengo letu hadi paani. Akishinda yeye, nikiri mbele ya wote kwamba Kapteni anasema kweli, na rimoti ihamie kwake.

Nimekubali. Ningefanyaje, watu walikuwa wananitazama.

Jumapili, 5 Aprili

Mazoezi. Mtungi uliojaa ni mzito kuliko ninavyokumbuka. Ghorofa ya kwanza, vizuri sana. Ya pili, vizuri. Baada ya hapo niliukalia ili nitafakari.

Insaf, mke wangu, akanikuta hapo akitoka sokoni. Nikamwambia nakagua kama gesi inavuja. Akasema basi imevujia kwenye shati langu, maana nimelowa. Halafu akateremsha sauti: "Baba Nagwa, wewe una presha. Ukidondoka kwenye ngazi hizi nani atakushusha? Zaghlul?"

Nikamjibu kwamba heshima ya mwanamume haipimwi kwa kile kimashine cha mkononi. Akanikabidhi mboga, akaubeba mtungi, akaupandisha hadi jikoni kwetu, ghorofa ya nne. Hiyo haihesabiki. Yeye alikuwa hajachoka.

Jumanne, 7 Aprili

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu.

Siwezi kupinga kitu nisichokijua kwa undani. Kisayansi si haki. Basi nimeagiza kopo moja la Farasi wa Dhahabu, kwa ajili ya uchunguzi. Binti wa kwenye simu alikuwa na sauti tamu. Aliniuliza umri, nikaupunguza kidogo. Akasema nina bahati, yamebaki matatu tu. Nilishtuka, nikamwambia aniandikie haraka kabla hayajaisha.

Mpango wenyewe umekamilika. Mwenye pikipiki aje Alhamisi adhuhuri, Insaf akiwa kwa binti yetu Nagwa. Asipande. Asiite. Asimame kwenye kona ya muuza kuku, anipigie simu. Mimi nitashuka na mfuko wa taka, nitarudi na mfuko wa taka. Majasusi wa serikali waje wajifunze kwangu.

Alhamisi, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Insaf hakwenda kwa Nagwa. Aliamua kufanya usafi wa sikukuu. Simu yangu ilikuwa chumbani inachaji, mimi niko bafuni na sabuni kichwani. Mwenye pikipiki akapiga, akapiga, akachoka. Akaja kusimama chini ya roshani yetu na kuita kwa sauti ya muuza matikiti kwamba kuna mzigo wa Mhandisi Bahgat.

Insaf akafanya anachofanya kila siku kwa mkate na giligilani. Akateremsha kikapu kwa kamba. Jamaa akaweka kopo ndani. Halikufungwa karatasi, halikutiwa kwenye mfuko. Sura ya Kapteni ilikuwa wazi kabisa, kubwa kama sahani. Insaf akavuta. Kufika ghorofa ya pili, kikapu kikanasa kwenye kamba za jirani za kuanikia nguo. Kikabaki hapo, mkabala na mkahawa, viti vyote vimejaa, kikizunguka polepole. Kapteni akawatazama mmoja mmoja.

Zaghlul alitoka dukani na miwani yake ya kusomea. Akasoma kwa sauti: kwa mwanamume asiyekubali kuzeeka. Kisha akaniita huko juu: "Mhandisi! Kumbe sisi unatulisha maneno, uhondo unakula peke yako?"

Nikatokea roshanini na taulo na povu. Nikatangaza kwamba huu ni uchunguzi. Neno uchunguzi nililirudia sana. Mkahawa mzima ulicheka isipokuwa Mzee Dasuqi, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni nilipofika, rimoti ilikuwa kwenye kaunta. Akaniambia kwa adabu iache ipumzike hapo hadi siku ya mashindano. Nimeumia kweli. Kazini kwangu watu walilalamikia bili miaka yote, lakini hakuna aliyewahi kuutilia shaka usomaji wangu.

Insaf alishuka na kopo kwa Daktari Mirvat wa duka la dawa hapo chini. Niliposinzia na kuamka, kopo lilikuwa kando ya kitanda changu. Akasema nimeze kimoja kila asubuhi, na kile cha presha nisikiache. Nimemshangaa. Labda ameanza kuielewa sayansi.

Jumamosi, 11 Aprili

Uchunguzi unaendelea. Matokeo ni ya ajabu. Nimeamka kabla ya muuza maharage. Nimepanda ngazi nikiimba. Mgongo hauna malalamiko. Kuhusu mambo ya ndani ya nyumba, mimi ni mtu mwenye heshima zangu. Nitaandika tu kwamba Insaf alicheka peke yake jikoni asubuhi yote.

Tatizo ni moja. Nikishindwa, nimeshindwa. Nikishinda, watasema Kapteni ndiye aliyeshinda. Nimeliwaza hili mchana kutwa. Nimeamua nishinde kwanza.

Insaf amenipiga marufuku fesikh, samaki wa chumvi wa sikukuu, eti presha. Mtaa wote utakula, mimi nitapewa mayai na jibini isiyo na chumvi. Nimemwambia huu ni uonevu. Amesema anajua.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeshinda! Mimi! Bahgat!

Mtaa ulinuka fesikh na vitunguu kila kona. Zaghlul alikuja akijifuta mdomo. Alijisifu kwamba amekula samaki wake na wa shemeji yake, na Farasi wa Dhahabu husaga kila kitu. Tukaanza. Ghorofa ya pili akaomba maji. Ya tatu akaomba maji tena, akaukumbatia mtungi, akakaa. Nikampita. Sikumtazama, kwa ustaarabu. Nilimtazama kidogo tu.

Ghorofa ya nne nilitua mlangoni kwangu, kwa ajili ya kumsalimia Insaf. Alikuwa amesimama na glasi ya maji, uso umemsawajika. Akaninong'oneza kwamba inatosha, niuache mtungi. Nikanywa, nikaendelea. Nilipofika paani niliugonga mtungi kwa spana kama wagongavyo wauza gesi. Mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Wakanibeba hadi mkahawani. Halafu kila mtu akatoa simu yake, akapiga namba ya Kapteni. Wote! Mzee Dasuqi mwenyewe, mwenye sukari na moyo mbovu, ameagiza makopo mawili. Nilipaswa kusema kitu. Lakini nilikuwa juu ya mabega ya watu, na kutoka kule juu mambo huonekana tofauti. Nikasema tu kwamba Kapteni, tuseme ukweli, alikuwa golikipa mzuri.

Jumanne, 14 Aprili

Insaf alisikia habari za Dasuqi. Akaniketisha.

Nilichokuwa nikimeza ni unga. Unga wa mkate wa jikoni kwetu. Alhamisi ile Daktari Mirvat alimwambia hakuna ajuaye kilichomo ndani ya vidonge hivyo. Mwenye presha anaweza kumeza kimoja asiamke. Basi wakati nimelala alifungua maganda ya vidonge kimoja kimoja, akamwaga vilivyomo chooni, akayajaza unga.

Nikamuuliza kwa nini hakunikataza tu. Akasema: "Wewe hukatazika lini, Baba Nagwa? Ningekunyang'anya, ungeagiza lingine. Bingwa atanifaa nini? Mimi nakutaka mzima."

Macho yaliniuma kidogo. Upepo wa khamsini, ule wa jangwani, una vumbi sana mwezi huu.

Mzigo wa Dasuqi unafika kesho. Nikisema, ushindi wangu ni wa unga. Nikinyamaza, Dasuqi atameza. Alinipa rimoti nilipostaafu, siku ambayo hakuna mwingine aliyenipa chochote.

Jumatano, 15 Aprili

Nimesema. Mbele ya wote, juu ya kiti. Nimewaambia nilimeza unga.

Zaghlul alicheka hadi akalaza kichwa mezani. Nikamngoja amalize. Kisha nikauliza: aliyemeza unga na aliyemeza Farasi wa Dhahabu, nani alifika paani na nani alikaa ghorofa ya tatu akililia maji? Kicheko kikakatika. Mzee Dasuqi alikuwa wa kwanza kuukataa mzigo wake, wengine wakafuata. Mwenye pikipiki ameondoka na makopo yote kama alivyokuja nayo.

Dasuqi akaniletea chai, na rimoti juu ya sinia. Nimeipokea kwa mikono miwili. Sijawahi kuwa na siku bora kuliko hii, ukiondoa ya harusi yangu, na hata hiyo umeme ulikatika.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimewaza tangu swala. Ukweli wa kisayansi uko wazi. Nilimeza unga, nikapandisha mtungi. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza swali lenyewe: unga gani? Watu hula unga kila siku na hawafiki paani. Huu ni wa Insaf, aliupepeta mwenyewe. Kuna kitu ndani yake.

Jana Zaghlul alikuja akitazama huku na huku, akaniomba vidonge vichache vya unga. Nikampa. Leo amekuja tena, anatembea kifua mbele.

Picha tayari imepigwa. Mimi, paani, mkono juu ya mtungi. Farasi hakupatikana, na punda wa muuza viazi alikataa ngazi, kwa hiyo amepigwa peke yake chini na mpiga picha atatuunganisha. Nywele nimezipaka rangi nyeusi kidogo, kwa ajili ya kamera tu. Insaf aliniona, akaenda kukaa roshanini, hajarudi ndani mpaka sasa. Atakuwa anaona fahari.

Nimetafuta makopo nyumba nzima. Nimepata ya samli, nimeyaosha vizuri. Tangazo nimeliandika mwenyewe na Dasuqi ameahidi kulibandika juu ya televisheni: Unga wa Mhandisi, yamebaki makopo matatu tu.

Na mimi sidanganyi kama yule Kapteni. Ni matatu kweli.